Mofa za Safari

Malvern, Alhamisi, Agosti 2017

Na mikate yote imeliwa. Rehema amerudi kutoka shule na kopo tupu.

Jana binti yangu huyu aliniudhi. Mwalimu amewataka waeleze jinsi ukoo wao ulivyofika nchi hii. Wenzake wana picha za mababu waliokuja kwa meli kubwa kutoka Ulaya. Yeye akaniambia kwa Kiingereza chake, "Mama, sisi tulikuja na basi tu." Hiyo "tu" ilinichoma.

Nikamkalisha. Babu wa mama yangu alipanda meli Tanga akashuka Durban, nchi hii hii, enzi za Mjerumani. Alilala juu sitahani, hakupewa chumba wala chakula. Alibeba mikate ya mofa, ile migumu ya mtama isiyoharibika njiani. Alifanya kazi Durban, kisha akarudi kuoa. Tangu hapo, kwetu hakuna anayesafiri bila mofa. Hata mimi kwenye basi hilo hilo nilikuwa nazo mkobani.

Picha ya meli hatuna. Nikaoka mofa apeleke.

Anasema darasa zima walitafuna, na mwalimu nusura avunjike jino. Nilicheka, ingawa hofu ipo. Mtoto akishajulikana kuwa ni wa kuja, eish, jiji hili na chuki yake kwa wageni...

Nilipokuwa naosha kopo akaja jikoni na rafiki yake Thandi. Mwezi ujao darasa lao linakwenda Durban. Mbele ya Thandi, kwa Kiswahili, mwanangu akaniuliza, "Mama, mofa zangu za safari utaoka lini?"