Mama Alipochukuliwa na Treni ya Addis

Dada Khadija,
Salamu kutoka Addis Ababa, kwenye baridi na kahawa chungu. Leo tulipokuwa tukipanda treni ya umeme ipitayo katikati ya mji, mama alitangulia, milango ikajifunga, nami nikabaki nje nikigonga vioo. Treni ikaondoka naye! Hajui lugha ya huku, wala hana simu. Nilipanda iliyofuata huku nalia. Kituo cha pili nikamwona benchini, mwanamke asiyemjua amemshika mkono.

"Ameshuka kwa ajili yangu," mama akaniambia. "Hatuelewani ela salamu."

Nikambusu yule bibi mikono.

Sasa mama ataka kesho tupande tena! Tuombee, na mtaa wetu mzima wa Mkomani uusalimie.

Nduguyo akupendaye,
Swafiya