Jani la Sale Shingoni mwa Mbwa Wako

Mama Elibariki,

Ni mimi. Usishangae kuona mwandiko unapanda na kushuka kama njia ya kwetu Nkoaranga. Siku zote barua uliandika wewe, mimi nimekaa nimekunja nne nasema tu. Sasa naandika mwenyewe. Mjukuu wako Anande alitaka kunisaidia, nikamwambia toa mkono, babu yako alisoma ngumbaro na mwalimu akasema hajawahi kuona mtu mzima mwenye kichwa kama hiki. Ulikuwepo siku ile, ukacheka. Cheka tena.

Nakuandikia habari ya mbwa.

Kila usiku kabla ya kulala uliuliza, "Mbwa amekula?" Nami nilikasirika, maana hukuuliza kama mimi nimekula. Hata siku ile ya mwisho, sauti imekwisha, midomo tu ndiyo inatembea, nilijua unauliza nini. Nikakujibu amekula. Hakuwa amekula. Nani angekumbuka siku ile?

Tulipokuzika, mbwa wako Watasema alilala juu ya udongo mbichi akagoma kuondoka. Watu walimtupia vijiwe, akarudi. Aliyemrudisha kwenye chakula ni mimi, si mwingine. Nilipika loshoro, mahindi yetu ya maziwa ya mgando, nikakaa naye pale chini kwenye migomba, nikala kidogo, naye akala kidogo. Hakuna aliyeniona. Nilikuwa... basi, tuliache hilo.

Na wewe unakumbuka ulivyomleta, kutoka sokoni Tengeru, ndani ya kikapu, umemfunika na mboga. Nikasema katika nyumba hii chagua, mbwa au mimi. Ukaendelea kuchambua mboga zako. "Mbwa atalala nje, wewe utalala ndani. Sasa unagombania nini?" Majirani wakaanza, oo, mama huyu anampa mbwa maziwa. Ndipo ukampa jina Watasema. Na walisema kweli, mpaka wakachoka wenyewe.

Baada ya matanga Elibariki alinijia. "Baba, huwezi kubaki peke yako mlimani na goti hilo." Goti langu ni zima kuliko lake, lakini nilimwonea huruma mtoto wetu, nikashuka naye mjini, kwake Sombetini. Mbwa akabaki kwa jirani. Haukupita muda jirani akapiga simu: mzee, mbwa wako anakata kamba, kila asubuhi tunamkuta kaburini. Anande alikuwa amekaa pembeni anasikiliza. Vita vilianzia hapo.

Unajua mkwe wako na kuku wake wa kienyeji. Mtaa mzima unasubiri mayai yake. Anande alipoomba mbwa aletwe, mama yake hakuinua hata kichwa. "Mbwa na kuku? Hapana." Baba yake naye akadakia, "Mbwa ni wa shamba. Hapa uwanja wenyewe ukijinyoosha miguu imetoka barabarani."

Mtoto hakulia. Alianza kuamka kabla ya mama yake, anafagia banda la kuku, anabadilisha maji, haongei. Jioni akiambiwa aombee chakula anafumba macho hivi: "Bwana, bariki ugali huu, umkumbuke Watasema aliye peke yake mlimani, na uilainishe mioyo ya wazazi wangu, amina." Wote, amina! Anafumbua jicho moja. "Baba, umesema amina." "Nilisema amina ya ugali!" Kesho yake vilevile. Ikafika mahali baba yake anaogopa kuitikia, anajikohoza. Mimi nilikula kimya nikiinamia sahani, kwa maana nilikuona wewe pale, kabisa kabisa, na zile mboga zako.

Shule zilipofungwa, Elibariki akalegea. Akasema basi aje kutembea tu, Jumamosi na Jumapili. Nikamfuata mwenyewe na kirikuu inayobeba ndizi. Dereva, kijana mwenye adabu, "Shikamoo mzee, kaa mbele, mbwa tutamfunga nyuma." Marahaba, nikamwambia, lakini mbwa huyu hafungwi na mgeni. Nikapanda nyuma juu ya mikungu. Umri huu! Watu wa Usa River walikuwa wananishangaa barabarani, nikawapungia mkono.

Sasa sikia balaa. Jumapili asubuhi, tunajiandaa kwenda kanisani, tukasikia kuku analia mara moja, kisha kimya. Watasema amemuua mtetea mweusi aliyekuwa analalia mayai. Yule mwenye kishungi, wa ukoo wa kuku ambao Mama Anande alipewa na mama yake Machame alipoolewa.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alimwokota kuku wake, akasema, "Kesho mbwa arudi alikotoka. Na mtu asinisemeshe."

Nikaingia chumbani nikafunga mfuko wangu. Nikatangaza: mbwa akirudi, na mimi narudi. Elibariki akaniambia, "Baba, acha utoto." Nikamjibu mtoto ni wewe, nilikubeba mgongoni. Sikuwa natania, Mama Elibariki. Ningepanda mlima huo na ningebaki huko, goti lipende lisipende.

Anande akanifuata nyuma ya nyumba. Macho makavu. "Babu, zamani mtu akikosa sana alifanyaje?"

Nikamweleza. Anachuma jani la sale, analifunga fundo, anampelekea aliyemkosea. Yule akilipokea, yamekwisha. Watu walioapa kutosalimiana wamekula pamoja kwa ajili ya jani hilo. "Na asipopokea?" Nikasema mimi sijamwona asiyepokea. Hapo nilitia chumvi, lakini mtoto alihitaji kitu cha kushika.

Nikamwonyesha masale kwenye uzio wa jirani, kachume pale. Akatikisa kichwa. "Hayo ni ya mpaka wa watu. Mimi nataka la bibi."

Lile nililopanda kaburini, kichwani pako.

Basi Jumatatu tukapanda wote Nkoaranga na kirikuu ile ile, mimi na mfuko wangu, mtoto na mbwa. Wazazi wake walijua tunamrudisha moja kwa moja. Watasema alipofika alilala mahali pake pale pale. Anande akapiga magoti, akakuomba ruhusa kwa sauti, sijui kama ulimsikia. Akachuma jani moja refu, akalifunga shingoni mwa mbwa, na fundo mbele. Akasimama. "Babu, twende." Dereva anauliza, "Mzee, si tumekuja kumwacha?" Geuza gari, nikamwambia.

Mama Anande alikuwa uani anafua. Mbwa akaingia na jani lake, mkia umeingia miguuni, Anande amemshika sikio. Elibariki alikuwa mlangoni, akaangua kicheko. "Sale ni la kuombea msamaha, mwanangu, siyo la kuombea mbwa!"

"Nyamaza, Baba Anande."

Mkwe wako alisema hivyo. Hajapata kumwambia hivyo mbele yangu. Mwanao amekaa mjini mno, kwake lile ni jani tu. Yule amelelewa na bibi yake Machame, anajua. Akainuka, povu linamdondoka mikononi. Akamuuliza mtoto, "Nani amekosa?"

"Watasema."

"Peke yake?"

Anande akamtazama mbwa. Kisha midomo ikaanza kumtetemeka, kwa mara ya kwanza tangu vita vianze. "Na mimi. Nilifagia banda, nikasahau kufunga mlango."

Hilo hata mimi nilikuwa sijui!

"Umelichuma wapi?"

"Kwa bibi. Kichwani pake."

Mama Anande akageuza uso, akajifuta na bega. Ni sabuni, alisema. Kisha akachutama, akafungua fundo lile shingoni mwa mbwa polepole kama anavyofungua kitenge cha mtoto mchanga, akalichomeka jani juu ya mlango. "Sale halirudishwi," akasema. "Mchana atafungwa. Na mayai nimempa mtetea mwekundu ayalalie. Wakianguliwa, Anande, vifaranga ni wako kuwalinda. Wewe na huyo mbwa wako."

Wako. Ulisikia? Elibariki akasema amina. Hakuna aliyeombea chakula, kasema tu.

Mimi nikarudisha mfuko chumbani bila kusemeshwa na mtu. Halafu nikajenga kibanda cha mbwa, kwa mabanzi, pembeni ya geti. Fundi mmoja alipita akasimama kukitazama. Hakusema kitu, lakini alikitazama sana. Vifaranga wameshatoka, wanamkanyaga mkia naye anajifanya amelala. Jioni anageukia upande wa mlima. Namfungua, tunakaa wote tunautazama, mpaka mtu atuite ndani.

Wanasema mzee wa Sombetini amekuwa rafiki wa mbwa. Waseme.

Ninakuahidi hivi. Kahawa ikianza kuiva nitakuja nao wote wawili, mtoto na mbwa, tupalilie hapo ulipo. Sale lako limechipua palipochumwa, jirani ameniambia. Njia ya kutoka barabarani nitaipanda kwa goti langu mwenyewe, sitashikwa mkono na mtu. Labda Anande, na hiyo ni kwa ajili yake, asiteleze. Na muda nilio nao, mbwa huyu hatalala kwa mtu baki tena. Nimesema, na unajua nikisema.

Giza linaingia, mjukuu wako anagonga sahani ya bati hapo nje.

Lala, Mama Elibariki. Mbwa amekula.

Mimi mume wako,
Baba Elibariki