Majina Huitwa Kazi Ikiisha

Mbaga, Same
12 Februari 2023

Mwanangu Agape,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye ukungu. Mimi na mama yako hatujambo, ila magoti yake yanalalamika kila akipanda kutoka shamba la tangawizi, nami namwambia magoti ni yako, lawama usinipe mimi. Wewe na joto la Dar es Salaam mnapatanaje? Simu sipigi, unajua. Mtandao wetu uko juu ya jiwe la Fanueli peke yake, na sipendi kusimama juu ya jiwe nikimpigia mwanangu kelele mbele ya majirani.

Ulipotuandikia kwamba umepata kazi kwenye tamthilia ya televisheni, nilisimama kanisani wakati wa matangazo nikawaambia washarika: binti yangu, yule aliyekuwa akiongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya yangu, sasa mtamwona kwenye televisheni. Mchungaji mwenyewe alipiga makofi. Tangu hapo kila Jumamosi ukumbi wa usharika unajaa. Mama yako anapika makande sufuria kubwa, king'amuzi kinawashwa, tunakaa kukutafuta.

Tumekutafuta mpaka makande yakatuishia. Nilikuwa nimeanza kukosa pa kuweka uso, ndipo shangazi yako Fortunata akapiga ukelele: "Huyo hapo!" Akamwonyesha msichana anayeuza mchicha gengeni, ametugeuzia mgongo. Anasema amekujua kwa mabega, hayo ni mabega ya ukoo wetu. Watu wakashangilia, na kwaya ikaimba ubeti mzima.

Sasa niambie, lini watakugeuza tukuone uso? Na mama yako anauliza mbona umekonda hivyo.

Baba yako,
Anaeli Mchome


Dar es Salaam
3 Machi 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo, na Mama naye mfikishie shikamoo yangu. Mimi ni mzima, joto tu ndilo linanichemsha kama makande yenu. Magoti ya Mama nimeyasikia. Clemence, kondakta wa basi la Same, anakuletea dawa ya kuchua pamoja na barua hii.

Baba, nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha nikaona aibu. Yule muuza mchicha si mimi. Anaitwa Stumai, kwao Lindi, na mabega yale ni ya ukoo wake mwenyewe.

Labda sikueleza vizuri. Mimi ni mtu wa sauti. Unakumbuka nilikuja mjini kuimba viitikio kwenye studio ya nyimbo za injili? Waimbaji walipopungua, mwenye studio akanifundisha kupanga maiki, kwa kuwa nilikuwa namsumbua kila mara kwamba kinanda kimeshuka sauti. Kutoka hapo nikaitwa kwenye maharusi, kwenye matangazo ya redio, na sasa tamthilia. Nashika fimbo ndefu yenye maiki mwishoni, naining'iniza juu ya vichwa vya waigizaji, na masikioni nimevaa hedifoni. Kila neno mnalolisikia hapo ukumbini limepita kwanza kwenye masikio yangu. Lakini mimi sionekani. Ukiniona, hata kivuli tu, ujue nimeharibu kazi na tunarudia upya.

Jina langu huwekwa mwisho. Ni kama kwenye msaragambo, kijiji kizima kinafanya kazi kwanza, na majina huitwa kazi ikiisha. Ila kituo cha televisheni hukata majina na kuweka tangazo la sabuni, ndiyo maana hamjaliona.

Tafadhali waambie watu ukweli, Baba.

Mwanao,
Agape


Mbaga
26 Machi 2023

Agape,

Tu wazima. Dawa ya magoti imefika na inanuka nyumba nzima.

Ukweli wako nimeusoma, nikaukunja, nikauweka ndani ya kitabu cha nyimbo. Nimwambie nani? Fortunata anasifiwa kijiji kizima kwa macho yake makali. Wasichana wawili wa kwaya wananiuliza ulipitia njia gani ili na wao wafike. Nikisimama leo niseme binti yangu hayumo, yuko pembeni ameshika mti juu ya vichwa vya watu, Pasaka nitaiongozaje kwaya hiyo?

Sitakuficha, imeniuma. Nilikufundisha kuimba ungali unabebwa mgongoni. Nilitaka nikuone, na watu wakuone, kabla sijazeeka zaidi ya hapa. Si dhambi hiyo. Mwombe mwongozaji wenu akupe uso, hata wa dakika moja, hata wa kuleta chai.

Baba yako


Dar es Salaam
20 Aprili 2023

Baba yangu,

Shikamoo. Naamini Pasaka ilikwenda vizuri na sauti ya nne haikuchelewa kama kawaida yao. Mimi naendelea vyema, mafua tu ya viyoyozi.

Nimeomba kama ulivyoniambia. Mwongozaji wetu, dada Sabrina, alinijaribu mbele ya kamera, akasema uso wangu unafaa. Amenipa nafasi ya binti wa mwenye duka, msimu mzima ujao. Ningeonekana kila Jumamosi, na shangazi asingehitaji mabega.

Lakini kuna jambo jingine. Sabrina anatengeneza filamu yake mwenyewe, ya mjane anayegombea zamu ya maji shambani, na anataka mimi niwe mkuu wa sauti. Si kumshikia mtu fimbo, ni mkuu, na wasaidizi chini yangu. Kazi zote mbili ni Agosti. Filamu ataiongoza yeye, tamthilia atamwachia msaidizi wake, na mimi siwezi kugawanyika. Amesema nichague.

Baba, mbele ya kamera nilikuwa nawaza mikono yangu niiweke wapi. Nikivaa hedifoni siwazi chochote ila kazi. Nasikia mtu akimeza mate kabla ya kusema uongo. Nasikia mvua kabla wenzangu hawajaiona. Masikio haya ulinipa wewe, uliponisimamisha kati ya sauti ya tatu na ya nne nikuambie nani amepotea. Moyo wangu uko huko. Ila nikichagua huko, huenda usinione kwenye televisheni maisha yako yote. Utanikubali hivyo?

Nangoja neno lako.

Mwanao,
Agape


Dar es Salaam
30 Juni 2023

Baba,

Shikamoo. Clemence anasema barua yangu alikukabidhi mkononi, ukaitia mfukoni, ukamuuliza bei ya mchele Kihurio. Kwa hiyo najua u mzima, na kwamba umenyamaza kwa kupenda.

Nimechagua sauti. Nimelia kidogo, kisha nikalala vizuri.

Sabrina alikuwa anatafuta mahali ambapo watu bado wanamwagilia kwa zamu. Nikamweleza ndiva yetu, bwawa linavyojaa usiku na kufunguliwa asubuhi, kila shamba na siku yake. Akapenda. Tunakuja Agosti, wote na magari yetu.

Nina ombi moja tu. Ndani ya filamu watu wanaitwa kwenda kuzoa tope la ndiva, na nataka pembe ya kweli, ile ya Babu uliyoitundika juu ya mlango wako. Kama hutaki kuniona, mpe Mama anikabidhi. Nitatafuta mtu mwingine wa kuipuliza.

Mama mwambie nimekonda kwa kumkumbuka yeye.

Mwanao,
Agape


Mbaga
17 Septemba 2023

Mwanangu kipenzi,

Bwana asifiwe. Sisi tu wazima kabisa, na mama yako anauliza kama chakula cha Kihurio kilikuwa na chumvi. Uliondoka na wenzako kwenda kushuti kwenye mashamba ya mpunga kabla mambo ya huku hayajaisha, basi nakuandikia yaliyobaki.

Kwanza ile suti. Uliponikuta asubuhi nimevaa suti ya kwaya na tai, hukunicheka, nami nakushukuru. Nilikuwa nimeamua pembe ya baba yangu simwachii mtu mwingine aipulize, na nilidhani mpuliza pembe anapigwa picha. Ukanipeleka nyuma ya kilima, mbali na kila kamera, ukasema, "Hapa, Baba, ndipo itasikika inavyotakiwa." Nikapuliza na tai yangu shingoni. Ukanipa ishara nirudie, nikarudia. Wewe ulikuwa umefumba macho, na wale vijana wenu wote wakubwa wamesimama kimya wakikungoja wewe useme. Nilifurahi, Agape. Sikujua nifurahie wapi, mdomo ulikuwa na pembe.

Lakini mimi na wewe, watoto wa nyumba ya pembe, tulisahau kwamba pembe ya msaragambo haipulizwi kwa mchezo. Watu wa vitongoji vya juu waliacha chai mezani wakatoka na majembe na makarai. Uliwaona walivyofika wakitweta, na kwa kuwa walishatoka, wakashuka ndivani wakazoa tope kweli. Sabrina alisema hajawahi kupata waigizaji wazuri namna ile. Hawakuwa wanaigiza.

Jumapili baada ya nyie kuondoka, Fanueli, karani wa msaragambo, akaniita barazani. Kupuliza pembe bila amri ya kijiji faini yake ni jogoo, na sharti useme mbele ya wote kwa nini umepuliza. Nikasimama. Nikasema, "Nilikuwa kwenye kazi ya binti yangu. Kazi yake ni sauti. Yule muuza mchicha si yeye. Agape haonekani popote na hataonekana."

Fortunata akaja juu kwa hasira: "Sasa sisi tutamjuaje kama yumo?"

Nikamwambia, "Siku ile ulipotoka na jembe lako, ulimwona aliyekuita?"

Akaketi bila kubisha, jambo ambalo hata mchungaji hajawahi kuliona. Na mimi mwenyewe neno lile nilikuwa nalifikiria palepale nikilisema. Baba yangu alipuliza pembe ile maisha yake yote kutoka nyuma ya kilima kilekile. Hakuna aliyewahi kutaka kuyaona mashavu yake. Watu walitoka tu, na maji yakafika shambani.

Jogoo nimetoa, tumemla wote, na Fanueli kachukua paja. Barua yako ya Aprili naijibu leo. Nimekukubali. Nilichelewa kwa kiburi tu, sikuwa na ugonjwa wowote.

Baba yako,
Anaeli


Dar es Salaam
4 Mei 2024

Baba na Mama,

Shikamooni nyote wawili. Mimi nina afya njema na usingizi mchache, kwa sababu filamu imekamilika.

Nilitaka niilete mwenyewe, lakini naelekea Mwanza kwenye kazi nyingine, mkuu wa sauti tena. Clemence atawaletea filamu kwenye flashi, na projekta ya kukodi, na spika kubwa ambazo nimemwapisha asizikalie njiani. Onyesheni ukumbini, Jumamosi kama zamani.

Baba, ombi langu ni dogo. Watu wasiondoke kabla majina hayajaisha. Safari hii hakuna sabuni.

Mwanenu,
Agape


Mbaga
26 Mei 2024

Mwanangu Agape,

Amani iwe kwako huko Mwanza. Afya zetu usiziulize, mama yako jana alicheza, kwa hiyo habari za magoti tumezifunga.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Shuka jeupe la mama yako ndilo lilikuwa ukuta wa sinema. Nilikaa mbele kabisa, bila tai. Nilimsikia yule mjane anavyovuta pumzi kabla ya kumjibu shemeji yake, nikajua atakataa kabla hajasema. Maji ya ndiva yalipofunguliwa yakaanza kunong'ona mferejini, kisha yakaja ukumbini na nguvu zao zote, na mzee mmoja nyuma yangu akainua miguu asilowe. Pembe ilipolia, watu watatu walisimama. Walicheka wenyewe, wakakaa.

Ilipoisha wakaanza kutafuta ndala zao. Nikaenda mlangoni nikanyoosha mikono: "Ketini. Ni nani hapa hutoka kabla ya baraka?" Wakaketi.

Majina yakaanza kupanda. Fanueli hakuweza kujizuia. Akasimama karibu na shuka, akayaita kwa sauti ileile ya msaragambo: walioigiza, walioshika kamera, waliopika, hata dereva. Unajua desturi yetu, asiyekuwepo kwa sababu njema huitikiwa na mtu wa nyumbani kwake. Hao wageni wote hawana nyumba huku, basi ukumbi mzima ukawaitikia. Kisha akaita, "Mkuu wa sauti, Agape Anaeli Mchome!"

Mama yako aliruka. "Yupo!"

"Yuko wapi?"

"Yuko kazini!"

Walishangilia kuliko siku ya mabega. Fortunata alilia waziwazi, akatangaza kwamba yeye tangu mwanzo ameyajua yale masikio, ni masikio ya ukoo wetu.

Mara Fanueli akasogea karibu zaidi na shuka. Akasoma kimoyomoyo, akanigeukia pale mlangoni. "Mpuliza pembe, Anaeli Mchome."

Hukuniambia, Agape. Nimeongoza kwaya miaka yote hii, sikukosa sauti hata siku tulipomzika baba yangu. Jana nilifungua mdomo hakikutoka kitu. Fanueli akaita mara ya pili. Ukumbi wote ulikuwa unanitazama, na machozi yanashuka, wala sikujali nani anaona. Mwishowe mama yako akaniitikia, kana kwamba niko safarini.

Leo asubuhi sauti imerudi. Kwa hiyo naitika mwenyewe, upate kunisikia huko uliko.

Nipo.

Baba yako,
Anaeli