Sanduku Chini ya Dirisha la Mama

2 Machi

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zangu na za mama yako. Sisi hatujambo, ukiondoa kifua chake, ambacho unakijua. Tunatumai nawe u mzima na masomo yanakwenda.

Umeme haujarudi tangu dhoruba iangushe nguzo. Mashine ya kupumulia ya mama yako sasa inategemea ile jenereta ndogo peke yake, nayo inakaa uani chini ya turubai kama mgonjwa wa pili. Ikiloa itazima. Ikiibiwa, sitaki hata kuandika. Juu ya hayo, jirani yetu mwalimu mstaafu amekuja mara mbili kulalamikia kelele. Nilimwambia mimi sisikii kitu. Akadhani namdhihaki, kumbe ndiyo masikio ya fundi aliyeshinda miaka thelathini na tano karibu na msumeno wa mashine.

Basi nimeamua kuijengea nyumba. Sanduku la mbao, paa la bati, mlango wa kufuli. Mama yako anasema tangu nistaafu hajanisikia nikipiga mluzi, na leo nimepiga asubuhi nzima.

Jibu mpe dereva yuleyule wa basi. Tangu simu yetu iharibike kwenye dhoruba, ndiye simu yangu.

Baba yako

8 Machi

Shikamoo baba,

Na mama mfikishie shikamoo yake. Mimi sijambo. Nakula, nalala, usianze kuuliza. Kifua chake kinaendeleaje na baridi hii?

Barua yako niliisoma maktabani, na tangu hapo nalifikiria sanduku lako kuliko mitihani. Unanijua, jambo likiniingia halitoki. Najua mbao zako zinavyobanana. Nilipokuwa mdogo nilijificha ndani ya kabati ulilolitengeneza, nikafunga mlango, na giza lile sijaliona tena popote.

Baba, jenereta haitaki kabati. Inapumua kama sisi, ila inachokitoa kinaua, na sehemu mbaya zaidi ya moshi wake haina harufu ya kukuonya. Iweke mbali na nyumba, hatua ishirini, na bomba la moshi lielekee uwanjani. Iache wazi pande mbili. Kwa mvua, paa linatosha. Nimekuchorea hapa chini, ucheke upendavyo.

Mara moja tu maishani mwako, fanya kazi mbaya. Acha mapengo.

Mwanao

16 Machi

Mwanangu mpenzi,

Salamu sana. Barua yako tumeipokea kwa furaha na tunaendelea kumshukuru Mungu.

Mchoro wako nilimwonyesha mama yako, tukacheka, kisha mimi nikaacha kucheka. Pengo la vidole vinne kati ya ubao na ubao. Mwanagenzi akiniletea kazi hiyo namrudisha kwao siku hiyohiyo. Najua umesoma, lakini mbao niachie mimi.

Sanduku limekwisha. Kisu hakipenyi popote. Ndani nimebandika lile godoro kuukuu, kelele ikafa, na mwalimu alikuja mwenyewe kunishika mkono. Waya haufiki hatua zako ishirini, na huko mbali wezi watakuja kuchagua tu, kwa hiyo limekaa chini ya dirisha la mama yako. Bomba la moshi nimelielekeza upande wetu ili mwalimu asipate la kusema tena. Usinune. Nimetoboa matundu mawili, kwa heshima yako. Mvua ikiingia nitayaziba.

Mama yako anasema sanduku ni zuri kuliko kitanda chake. Kichwa kinamgonga siku mbili hizi, na mimi vilevile. Jana nilisinzia karibu naye mchana kweupe, kikombe kikiwa mkononi. Tunadhani ni hali ya hewa.

Baba yako

Jumatatu, 20 Machi

Baba, leo sikuamkii, muda hautoshi.

Siyo hali ya hewa, ni moshi. Mtoe mama nje sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Kisha ivute jenereta hadi mwisho wa uwanja na umwombe mwalimu waya mrefu. Mashine ya mama haitengenezi hewa. Inavuta ile ya chumbani na kumpa yeye, na chumbani mmejaza moshi.

Basi la leo limejaa, dereva amekubali kubeba barua tu. Nimemwambia akupe mkononi. Mwalimu nimempigia tangu asubuhi, simu imezimwa. Nitapanda basi la Alhamisi.

Usinijibu. Vunja sanduku.

Mwanao

19 Aprili

Mwanangu,

Natumai ulifika salama na kwamba unakula.

Nakuandikia nililoshindwa kulisema ulipokuwa hapa. Siku ya mazishi uliniuliza kama barua yako ya Jumatatu ilifika. Nilikujibu haikufika. Ukamgeukia dereva mbele ya waombolezaji, ukamwambia amemuua mama yako. Alinitazama mimi, akainamisha kichwa, akaondoka.

Ilifika. Aliniwekea mkononi Jumanne asubuhi, nikiwa nimepiga magoti naziba yale matundu mawili. Alisema ni ya haraka. Nilimsikia, nikajifanya kiziwi. Nikaifungua, nikasoma mstari wa kwanza: leo sikuamkii. Baada ya ule mchoro, nikaona mtoto niliyemsomesha sasa ananitupia maneno hata bila salamu. Sikusoma wa pili. Niliikunja nikaitia mfukoni, nikasema nitaisoma hasira zikipoa.

Zilipoa Jumatano jioni. Nilikaa barazani nikaisoma mpaka mwisho, kisha nikaingia chumbani mbio. Taa ya mashine yake ilikuwa bado inawaka kijani.

Sanduku nimelipasua. Ilinichukua siku mbili, maungio yalikataa kuachia.

Barua hii imekuja kwa mkono wa dereva huyohuyo. Nilimwambia nimeandika nini, naye akaipokea. Nimemwomba asiondoke hadi utakapomaliza kusoma, kwa hiyo sasa hivi yuko nje ya mlango wako. Toka umtake radhi. Mimi nimejaribu mara tatu, na kila mara naishia kutazama viatu vyake.

Baba