Mlango Haukufungwa

Korogwe,
9 Novemba 2024.

Kwa mdogo wangu Leboo,

Kabla ya yote, pokea salamu za mkono wangu wa kuume, wewe na wote waliomo bomani mwako. U hali gani? Goti lako limepata nafuu, au bado linakuzuia kufuata ng'ombe? Na mvua za vuli, zimefika huko tambarare au zinaishia kunguruma upande wa milimani kama mwaka jana? Sisi huku tunaendelea kwa kadiri ya umri wetu. Macho yangu bado yananitii mchana. Shemeji yako Hilaria anakohoa kidogo asubuhi, lakini anasema hajaacha kukusubiri uje ule samaki, aone utakavyokunja uso.

Barua hii nampa Mwinjuma, mnunuzi wa mahindi, aikabidhi mkononi mwako. Nakuomba uisome peke yako. Najua tangu ulipojifunza kusoma ukubwani unasoma polepole, ndiyo maana nimeandika herufi kubwa. Ningeweza kukupigia simu, lakini simu yako unaiweka sauti ya juu, na boma zima hunijibu pamoja nawe. Maneno haya si ya boma zima.

Nimepata habari kwamba mwisho wa mwezi huu umewaita wazee wa rika lako, na kwamba mbele yao utamlaani mwanao Tiampati, kwa sababu siku mkeo Yuditha alipokuwa akivuja damu, yeye alifunga mlango wa zahanati akaenda zake. Mimi niliondoka nyumbani ningali mdogo, nimekula chumvi ya watu wengine maisha yangu yote, na wewe hunitania kwamba damu yangu imekwisha kugeuka katani. Hata hivyo laana ya baba sijaisahau ni kitu gani. Kwa hiyo nisikilize mpaka mwisho, kisha ufanye utakavyoona.

Wewe unamjua Tiampati wa kabla ya chuo na Tiampati wa zahanati ya kijijini. Wa katikati aliishi kwangu. Alipopata leseni yake ya uuguzi na ukunga aliamini kwamba kazi inamngoja mlangoni. Aliomba ajira serikalini, akangoja. Aliomba tena, akangoja. Mwishowe akapata nafasi katika zahanati moja ya mtu binafsi hapa mjini. Mwenye zahanati, bwana mmoja aitwaye Ponsiano, alimpokea kwa utani kwamba Mmasai amezoea kukaa getini, yeye imekuwaje aingie mpaka wodini? Wagonjwa nao hawakuwa mbali na hapo. Kuna bibi aliyemkabidhi kikapu chake amlindie, akamwuliza nesi yuko wapi, na mwanao amesimama mbele yake na koti jeupe. Alikipokea kikapu, akakiweka chini ya meza, akarudi kumpima presha. Bibi alicheka hadi presha ikabidi ipimwe upya.

Kejeli alizivumilia. Kilichomshinda ni dripu. Kila aliyeingia na homa ilibidi atundikiwe dripu, aihitaji asiihitaji, kwa kuwa dripu ndiyo inayolipa. Tiampati alikataa mara ya kwanza, akaonywa. Akakataa tena, akaambiwa arudi kwao akachome sindano mbuzi. Akarudi kwangu na begi lake. Jioni ile aliniambia kwamba anatafuta mahali ambapo mtu akiletwa mbele yake, aone mgonjwa tu.

Ndipo wewe ulipopiga simu kwa furaha. Serikali ya kijiji ilikuwa imekubali kumchukua kwa kujitolea, kwa posho ndogo, chini ya mganga mfawidhi wenu Mathias. Ulisema umechinja dume, na kwamba sasa hakuna atakayewaita tena watu wa nyuma. Nilifurahi pamoja nawe, ndugu yangu. Sikujifanya.

Katika simu ile ile ulinisimulia, ukicheka, neno ulilolisema kwenye karamu. Ulisimama mbele ya watu wote ukasema kwamba mwanao atatibu malaria, atafunga vidonda, atachanja watoto, lakini mwanamke wa boma lako asimpelekee tumbo lake, maana wake za baba ni mama zake, na kijana hatazami mahali alipotokea. Ukasema watu walipiga makofi, na waume wengine wakasimama mmoja mmoja kuwakataza wake zao vivyo hivyo, kila mmoja akitaka heshima ya nyumba yake isionekane ndogo kuliko ya jirani. Nikakuuliza, na wenye mimba je? Ukanijibu kwamba wakunga wa jadi hawajafa. Ukanitania kwamba vitabu vimenifanya mwoga.

Tiampati hakulipinga neno lako. Alilelewa vizuri mno kulipinga. Lakini aliniambia kwamba pale zahanati akina mama walikuwa wakija na watoto wao, na wao wenyewe wakiwa wagonjwa wanasimama nje ya uzio na kumtuma mtoto aseme yeyo, mama yake, anaumwa. Alikuwa akitibu wanawake wazima kwa mdomo wa mtoto wa miaka sita. Yule mtoto akiulizwa yeyo anaumwa wapi, anakimbia kwenda kuuliza, anarudi na jibu la nusu. Ndivyo alivyofanya kazi, tangu masika hadi kiangazi.

Sasa niseme habari ya siku yenyewe. Mimi sikuwapo. Nilichonacho nimekipata kwa watu wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na maneno yao hayakupishana. Wa kwanza ni Tiampati. Wa pili ni mkeo mkubwa, Nemayian. Unakumbuka alikuja huku mwezi uliopita kutazamwa macho. Macho yake ni mazima, Leboo. Alikuja kulia mahali ambapo wewe hutamsikia.

Ilikuwa siku ya mnada. Wewe na wanaume wote mlikuwa huko, na pikipiki zote zilikuwa huko. Mathias alikuwa Handeni kwenye semina. Yuditha alianza uchungu asubuhi, na mchana akajifungua salama yule binti ambaye sasa Nemayian anamnywesha maziwa. Lakini kondo la nyuma lilitoka vipande, na damu haikukoma. Wanawake wakamtuma msichana zahanati. Mlango haukufungwa. Tiampati alikuwa ndani peke yake akihesabu vidonge. Msichana alimwambia alivyofundishwa, kwamba atoe dawa na yeye asije.

Mwanao alichukua dawa akaja. Alikuja mbio, juani, na begi mgongoni, akijaribu simu kila penye kilima, na mtandao haupo. Alipofika, mama yake mzazi, Nemayian, alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba ya Yuditha na mikono yake miwili kwenye miimo. Alimwambia kwamba baba yake alikwisha sema, na kwamba yeye hatakuwa mwanamke wa kumwacha mwanawe aingie kwenye laana.

Basi akamtibu mama yake mdogo kwa kupitia ukuta. Alimwelekeza mkunga wa jadi jinsi ya kuchoma sindano pajani, naye akaichoma. Akamwambia mama yake aingie, aweke kiganja chini ya kitovu, asugue kwa nguvu hadi asikie mji wa mimba umekaza. Akawa anauliza kupitia udongo ule, umekaza? Wanamjibu ndiyo. Damu je? Wananyamaza. Anauliza tena. Nemayian anasema sauti ya mwanawe bado anaisikia akilala, ikiuliza kwa adabu, shikamoo yeyo, damu je?

Aliyevunja neno lako ni Yuditha mwenyewe. Alisema kwa sauti ndogo, ikabidi wanyamaze ili wamsikie: Mwacheni mwanangu aingie. Nemayian aliondoka mlangoni. Tiampati alipoinama kuingia, Yuditha alivuta shuka yake akajifunika uso. Mwili hakuwa na nguvu ya kuuficha; aliuficha uso, ili pale chini awe mwanamke yeyote. Hivyo ndivyo mwanao alivyoniambia. Aliubana mji wa mimba kwa mikono yake miwili, mmoja ndani, mmoja juu ya tumbo, kama walivyofundishwa, akakaa hivyo mpaka mikono ikafa ganzi. Ilikuwa imechelewa. Kama angeingia alipofika, anasema, huenda. Hakusema angepona. Alisema huenda, kwa sababu ni mkweli katika kazi yake.

Wanawake walikaa pale na maiti na mtoto mchanga, na ninyi mlikuwa njiani kurudi kutoka mnadani. Wakaona mambo mawili hayawezi kusemwa kwako. La kwanza, kwamba mwanao amemwona mkeo. La pili, zito zaidi, kwamba Yuditha amekufa kwa neno ulilolisema kwenye karamu na kupigiwa makofi. Mkunga ndiye aliyetoa shauri kwamba waseme walikuta mlango umefungwa. Nemayian alimtazama mwanawe. Tiampati akasema sawa, semeni hivyo. Aliosha mikono, akachukua begi lake. Mathias aliporudi, Tiampati alimweleza kweli yote, maana kifo cha namna ile lazima mkubwa wa kazi akijue, na Mathias ameitunza siri kama watu wa kazi yao wanavyotunza. Wewe ukamkuta zahanati, ukampiga fimbo mbele ya watu, ukamwita mtoro. Alikuacha uwe na hasira, kwa kuwa aliona hasira ni nyepesi kuliko hicho kingine.

Niliahidi nisiseme. Nimevunja ahadi hiyo leo, baada ya kusikia habari ya mkutano wako. Tiampati hajui kwamba ninaandika.

Sasa yuko milimani, upande wa Mpale, katika kituo kidogo cha afya, kwa mkataba. Nilipanda kumwona. Akina mama wa Kisambaa wanamgombeza usoni. Nilimsikia mmoja akimwambia mikono yake ni ya baridi kama chura, kwanza akaipashe moto ndipo amguse, na mwenzake kitanda cha pili akauliza kama huko kwao Umasaini ng'ombe hawalalamiki. Alikwenda akaipasha mikono kwenye jiko la chai, akarudi. Nilimwuliza kama amepata kazi aliyoitafuta. Alinijibu kwamba huku kila mama ni mgonjwa wake, na kule nyumbani kila mgonjwa ni mama yake. Kisha akasema hatarudi kufanya kazi kijijini, hata ukimsamehe. Sikumbishia. Lakini si mzima kweli, usidanganyike. Mwenzake wa zamu ameniambia kwamba mama anayejifungua akijifunika uso kwa uchungu tu, Tiampati hutoka nje na kumwita yeye amalizie.

Wanawake hawajui kwamba nimekuandikia. Usimguse Nemayian. Alitii neno lako. Aliyemweka mlangoni ni wewe. Najua maneno haya yatakuumiza kuliko fimbo yoyote niliyowahi kukuchapa tulipokuwa tukichunga ndama, na ningekuwa na njia ya kuyasema kwa upole zaidi ningeitumia. Nimeitafuta kwa siku nyingi na sikuiona.

Ukimlaani sasa, utakuwa unamlaani ukijua. Lakini sikuandika kwa ajili yake peke yake. Nemayian ameniambia kwamba mke mdogo wa Kisemei, jirani yako, yu karibu kujifungua, na kwamba zahanati imepata nesi mpya, kijana mwanamume, mgeni asiye mtoto wa mtu yeyote hapo. Na Kisemei bado amemkataza mkewe, kwa sababu Leboo alisema, na Leboo hajasema vinginevyo. Wazee watakuwa wamekwisha kaa. Simama uwaambie neno lile umelirudisha. Huna haja ya kuwaeleza sababu. Ukishindwa kusimama, basi nenda kwa Kisemei peke yako, asubuhi, kabla hajatoka na mifugo.

Nisalimie watoto wote, na yule mdogo ambaye hajapewa jina. Nisalimie Nemayian, umwambie tu kwamba tunamwombea macho. Hilaria anakusalimu, na wakwe zangu wa hapa kambini, wazee wa zamani wa mkonge, wanauliza lini utakuja. Mwinjuma atalala kwenu hadi alfajiri. Usimpe jibu la kuandika kama huwezi. Akiniambia tu kwamba alipoamka alikukuta umekwenda kwa Kisemei, nitaelewa.

Ni mimi kaka yako,
Meshaki.