Dhambi Zangu Ulizonibebea

Bigwa,
Morogoro.
Alhamisi, 14 Novemba 2024

Mpendwa Shangazi Josephina,

Shikamoo. Kwa heshima na taadhima nakutangazia kwamba jino langu la mwisho la utoto liling'oka Jumanne, katikati ya kipindi cha hisabati. Mazishi yalifanyika juu ya paa.

Mgongo wako unaendeleaje, na baridi ya Karatu? Sisi wazima. Mdogo wangu Geofrey ametimiza miaka sita na anakula kama mgeni wa harusi.

Nimetumia karatasi kwa sababu simu ni ya mama, na mama hawezi kuona ujumbe akauacha. Barua atakuletea Godlisten, dereva wa hapa mtaani, anakuja huko na lori kupakia vitunguu.

Jumapili napata kipaimara. Mwinjilisti Lukasi anasema kuanzia siku hiyo kila mtu anabeba dhambi zake; za utotoni hubebwa na aliyemsimamia ubatizo. Yaani wewe, miaka kumi na mitatu. Asante. Na pole.

Nilimweleza rafiki yangu Mwaisha, nikidhani kwao Waislamu kuna nafuu. Akacheka: "Shoga, kwetu ukivunja ungo tu, malaika kashika kalamu. Pa kukimbilia hapana!"

Basi ipo moja lazima uijue, maana kwa sasa unayo wewe. Mwezi wa nne nilikwenda mtoni kufua. Mama alisema nisimwachie Geofrey mkono. Nilimwachia, nikawa napiga soga na Mwaisha. Kwetu jua liliwaka, kumbe juu mlimani Bondwa mvua imeshanyesha. Maji yakaja mekundu, kwa mkupuo. Nilipogeuka niliona kisigino chake tu.

Shangazi, sala zote nilizokariri zilinitoka. Nilisema, "Wewe, mrudishe." Hata Bwana sikusema. Mzee Mikidadi, aliyekuwa akikata majani ya mbuzi pale chini, akamdaka shati.

Mama nilimwambia ameloa kwa kuchezea ndoo. Geofrey alinyamaza kwa pipi mbili.

Wengine wakimpata Mungu huimba. Mimi naogopa. Zamani nilisali kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua haina watu. Sasa najua yumo, na sauti yangu anaijua. Jumapili nitapiga magoti mbele yake na uongo ule, na hautakuwa wako tena.

Nimeamua Jumamosi nimwambie mama. Niombee, ila kwa sauti ndogo, huyo Mungu husikia.

Msalimie Deogratias na Bibi Pendo. Mungu akutunze, hasa huo mgongo niliouelemea.

Mwanao akupendaye,
Hosiana

Jumapili. Godlisten bado hajaondoka, kwa hiyo naongeza. Mama nilimwambia jana. Alimwita Geofrey, akamkagua kichwa mpaka vidole vya miguu kana kwamba ametolewa majini sasa hivi. Kisha akanipiga kofi moja, akalia, akanituma chumvi.

Kipaimara kimesogezwa hadi tarehe 1 Desemba. Magauni hayajatoka kwa fundi.