Msichana Aliyeketi Kando ya Mama

Dada yangu mpendwa,

Huku sote tu wazima, ila mimi kichwa kinanizunguka. Jumba letu la makumbusho ya chipu za kompyuta linakaribia kufunguliwa. Mezani nimeweka hadubini ili wageni waone chipu ndogo kuliko ukucha, na ukutani nimetundika picha kubwa ya wanawake waliokuwa wakiziunganisha kiwandani, mama akiwa mmoja wao.

Jana nilimleta aione. Nilidhani atajitafuta. Badala yake akamgusa kwa kidole msichana aliyeketi kando yake, akasema kwa upole, "Huyu ndiye aliyekuzaa."

Nikacheka. "Na wewe je, mama?"

"Mimi nilikulea," akajibu, kisha akauliza kama tumeshakula.

Unajua siku hizi anasahau. Juzi aliniita kwa jina lako. Huenda amechanganya mambo. Lakini nimemtazama yule msichana mpaka macho yakaniuma, na sijui kama naona pua yangu au naota. Fundi wa taa ananiuliza mwanga uelekee wapi pichani, nami namwambia asubiri kwanza.

Nilipozaliwa wewe ulikuwa umeshaanza shule. Uliwahi kumwona mama ana mimba yangu?

Ni mimi mdogo wako, kwa vyovyote vile.